Mashua ya Fundi Didas

Didas alikuwa fundi cherehani, na Iringa nzima hakuna aliyewahi kumkamata na mshono uliopinda. Kwa hiyo mwaka 1957, alipoanza kuunda mashua nyuma ya nyumba yake, juu kabisa kilimani, majirani waliona haya kumwambia kwamba kachanganyikiwa. Kazi hiyo wakamwachia Jailos, dereva wa lori, ambaye haya hakuumbiwa.

"Fundi, hiyo suruali ya mbao ina mifuko mingapi?" aliuliza kila alipopita.

"Pita zako, bwana. Siku ikielea utanivulia kofia."

Jumapili baada ya misa wenzake walikwenda kwenye pombe ya ulanzi, Didas akaenda kwenye randa. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yake, lakini ilikuwa na chanzo. Miaka kumi na moja nyuma alikwenda Matema, kando ya Ziwa Nyasa, kumposa Tusekile. Mzee Asukile, baba yake Tusekile, mvuvi tangu utoto, alimuuliza, "Mwanangu amekulia majini. Huko milimani utampa nini?" Didas, Mhehe asiyejua hata kuogelea, akaropoka, "Nitamuundia chombo chake mwenyewe, baba." Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Mke alipewa, lakini kicheko kile alisafiri nacho hadi Iringa na hakikumtoka.

Sasa barua ilikuwa imefika: mzee anakuja mwezi wa nane kuwaona wajukuu. Didas alitaka jambo moja tu, mzee huyo aione ahadi yake ikielea.

Mashua aliikata kwanza kwenye karatasi, kama koti. Akaipima, akaipinda, akabana ubao kwa ubao hata ukucha usipite. Lami ya kuziba maungio aliikataa, nani afunike mshono mzuri namna ile? Akaiacha uani wiki sita, kwenye jua na upepo wa kiangazi, ili kila apandaye kilima aione.

"Baba Rozalia, imwagie maji ndani," Tusekile alimwambia. "Kwetu chombo hakiachwi kikauke."

"Mama Rozalia, mashua kazi yake ni kuzuia maji. Wewe unataka niyaingize mwenyewe?"

Tusekile alimjua mumewe, akarudi kwenye kazi zake.

Mzee Asukile alishuka kwenye lori la abiria siku ya Ijumaa, amekumbatia kitu kirefu kilichoviringishwa ndani ya mkeka. Didas alipotaka kumpokea, mzee alikataa. "Acha, mkwe. Huu ni mzigo wangu." Kisha akaizunguka mashua polepole, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye maungio, asiseme neno. Didas alikichukua kimya kile kuwa ni kustaajabu, akalala usingizi mtamu.

Jumamosi lori la Jailos lilishusha mashua ukingoni mwa mto Ruaha Mdogo, mahali maji yanapotulia. Nusu ya mtaa ilikuwa imeteremka kutazama. Didas alivaa koti lake la harusi. Akaisukuma mashua, ikaelea, watu wakapiga makofi. Halafu maji yakaanza kuchungulia kwenye maungio, ungio hili na lile, na kabla makofi hayajaisha mashua ilikuwa imejaa pomoni, na fundi wetu amesimama na koti lake, maji yakimfika kiunoni.

"Fundi, umefumuka!" Jailos alipiga kelele, na kicheko kikapanda hadi barabarani.

Didas hakumtazama Jailos. Alimtazama mkwewe, akisubiri kicheko cha Matema. Mzee hakucheka. Aliokota jiwe kubwa, akaingia nalo mtoni, akalitia ndani ya mashua. Akarudi, akaleta la pili. Uso wa Didas ulimwaka kwa aibu: mzee anaizika kazi yake mchana kweupe, mbele ya mke wake.

"Baba, basi," alisema Didas. "Nitaipasua kuni."

"Kuni? Mkwe, lete mawe."

"Tuizike?"

"Tuinyweshe! Mbao zimesinyaa kwa kiu, mpaka nafasi zimefunguka. Zilale chini ya maji mpaka zivimbe. Mashua yangu ya kwanza baba yangu aliijaza mawe hivi hivi. Ingekuwa kazi mbovu ningeiacha iende na mto." Akamgeukia binti yake. "Hukumwambia?"

"Nilimwambia, baba."

Didas aliinama haraka kutafuta jiwe.

Mzee aliahirisha safari ya kurudi. Siku nne Didas alishona hovyo, akajichoma vidole. Jumatano mchana waliondoa mawe, wakakomba maji kwa karai, wakangoja. Mashua ilielea. Jailos alipitisha kiganja chake sakafuni, kikatoka kikavu. Akavua kofia bila kuambiwa, na Didas akahisi kifua kinajaa mpaka vifungo vya shati vinalalamika.

Alipoinama kuchukua kafi aliyoichonga kwa kipande cha ubao, mzee alimzuia. Akaufungua mkeka wake. Ndani mlikuwa na kafi nyembamba, nyeusi kwa kupakwa mafuta mara nyingi, isiyo na hata alama moja ya maji.

"Niliichonga mwaka ule mlipoondoka," alisema. "Nikawa naipaka mafuta, nangoja barua yenu kwamba chombo kimeanza."

Didas aliiweka chini kafi yake. "Lakini baba, ulicheka."

"Nilicheka sana," alisema mzee. "Halafu nikaenda kutafuta mti."

Akampa Tusekile ile kafi. Tusekile alifunga khanga yake vizuri, akapiga maji mara moja tu, na mashua ikaondoka ukingoni. Didas alikaa mbele, ameshika kingo kwa mikono miwili, kwa kuwa kuogelea alikuwa bado hajui. Walivuka hadi ng'ambo, wakarudi, na mishono yote ilikuwa mikavu.