Mgongo wa Tunu

Asubuhi ile gauni la Tunu lilikuwa limegandamana na mgongo wake, ikambidi mama yake, Somoe, alilowanishe kwa maji ya vuguvugu na kulibandua taratibu, shibiri baada ya shibiri. Binti hakulia. Alikuwa na miaka kumi na minane, na huu ulikuwa mwaka wa pili tangu chunusi zimvae kuanzia mabegani hadi kiunoni, nyingine ngumu kama punje za mtama, nyingine zimeiva usaha. Usoni hakuwa na hata moja.

"Hujisugui vizuri," alisema Somoe.

"Najisugua, mama."

Somoe akatwaa dodoki, akamsugua mwenyewe mpaka maji ya beseni yakawa mekundu.

Maji hayo yalitoka kisimani, nyuma ya nyumba yao ya makuti huku Temeke, ambako zama hizo za Mwingereza bomba lilikuwa halijafika. Mume wa Somoe, Mwinjuma, alikichimba kwa mikono yake mwaka wa ukame, kila jioni atokapo kupakua mizigo bandarini, kwa majuma saba. Mwaka uliofuata homa ikamchukua. Maji yalikuwa na chumvi, na yaliacha utando wa kutu ndani ya ndoo, lakini Somoe hakuruhusu mtu ayaseme. Kila alipovuta kamba alijiona bado anapokea kitu kutoka kwa mumewe.

Zilipobaki wiki tatu Tunu aolewe na Nassibu, shangazi wa kijana, Bi Chausiku, alikuja na liwa, manukato ya kupaka mwilini, kumsinga bibi harusi. Alipoiteremsha kanga, mkono wake ulisita hewani. Hakutoa neno baya. Alikunywa kahawa, akaaga kwa heshima zote. Siku ya nne wakaletewa habari kwamba kijana amepata safari, shughuli isubiri kwanza. Haukupita mwezi wakasikia Nassibu ameoa Mbagala.

Ndipo Somoe alipompeleka binti yake zahanati. Dresa wa kufunga vidonda aliyewapokea, Revelian, kijana wa Bukoba mwenye sauti ya chini, aliutazama mgongo kwa muda mrefu.

"Mama, nani anamsugua namna hii?"

Somoe alitazama sakafu.

"Dodoki muache kabisa," alisema Revelian. "Na mafuta ya nazi msimpake mgongoni. Nguo zake zifuliwe, zianikwe juani. Maji ya kuoga mnateka wapi?"

"Kisimani kwetu. Kachimba marehemu mume wangu."

"Pole, mama. Sina hakika kama ni maji. Ila jaribuni mengine, miezi miwili mitatu, tuone."

Njia nzima ya kurudi Somoe alitembea mbele kwa hasira. Walipofika uani Tunu alisema, "Mama, niruhusu nikakae kwa shangazi Ilala. Kule kuna bomba."

"Unayakimbia maji ya baba yako?"

"Nakimbia maumivu, mama."

Alifunga nguo zake katika kitambaa akaondoka. Somoe hakumsindikiza. Jioni alikaa kizingitini akingoja moyo wake umpe haki, na moyo haukumpa. Badala yake alisikia tu jinsi nyumba ilivyokuwa tupu.

Miezi mitatu ilipita kabla hajapiga moyo konde, akatembea kwa miguu kupitia Keko hadi Ilala. Wifi yake alikuwa ameenda sokoni. Tunu alimwamkia, akamwandalia chai, kisha bila kuombwa akageuka na kuishusha kanga.

Mgongo ulikuwa umetulia. Yalibaki madoa meusi, na juu ya mabega makovu membamba ya mkwaruzo, yaliyopangana kama nyuzi. Somoe aliyajua makovu hayo. Hayakuachwa na chunusi.

"Nilidhani ni uvivu," alisema.

"Najua, mama."

"Ungenikataza."

"Nilikuwa nikikukataza."

Bila kufikiri Somoe alijikuna nyuma ya bega, kama alivyozoea siku hizi. Tunu alimtazama.

"Mama, hebu geuka."

"Niache, mtu mzima mie."

"Geuka tu."

Aligeuka. Alihisi kanga yake ikilegezwa, hewa ikimpiga mgongoni, kisha vidole vya mwanawe vikitua juu ya ngozi, vyepesi mno, vikisita hapa na pale. Nje, wanawake waliopanga foleni bombani walikuwa wakicheka.

"Vipele hivi vimeanza lini, mama?"

Somoe alijaribu kukumbuka. Tangu afe Mwinjuma, hakuna macho yaliyopata kuutazama mgongo wake.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Hakukuwa na wa kuniambia."