Damu ya Mgeni

Gérard alikuwa na ufundi mmoja ambao mapadri wa Kasongo hawakumfundisha: alijua kuyatia maneno asali. Mzungu akimtukana mtu, Gérard alimfikishia mtu yule onyo la upole. Mtu akinung'unika, Mzungu alisikia salamu. Kwa ufundi huo alikuwa hajachapwa hata mara moja tangu aanze kuendesha kamionete, gari dogo la mizigo la mfanyabiashara mmoja Mbelgiji, na katika Kasongo ya miaka ile ya pamba ya lazima, mwanamume mwenye mgongo usio na alama alikuwa wa kuonewa wivu. Mjumbe hauawi, alipenda kusema, hasa mjumbe mwenye akili.

Msimu wa kiangazi tajiri wake alipata mgeni kutoka Ulaya, bwana mrefu, mchangamfu, ambaye watumishi walimpa jina la Bwana Saa kwa jinsi alivyoitazama saa yake hata akiwa anacheka. Bwana Saa alitaka kuona milima na wanyama wa porini, aende na kurudi siku hiyo hiyo, maana jioni alikuwa amealikwa chakula. Basi kabla jua halijachomoza Gérard akampakia, yeye na kamera yake na bunduki yake, wakashika barabara ya Kabambare hadi Lusangi. Pale kapita, msimamizi wa kijiji aliyewekwa na Wazungu, alikwisha kupewa amri ya kutoa mtu wa kuwaongoza. Akamtoa Alimasi.

Alimasi alikuwa Mubangubangu, kabila la nchi ile, mwindaji, mfupi, mwenye mdomo mkali na dharau asiyoificha kwa watu wa mjini. Alimkagua Gérard kuanzia kofia hadi chini, akamwuliza kama ni yeye anayevaa vile viatu au ni viatu vinavyomvaa yeye. Gérard akamwambia Bwana Saa kwamba kiongozi anafurahi kuwapokea. Hawakupendana watu wale wawili, na kusema kweli kila mmoja alikuwa na sababu zake.

Gari waliliacha barabarani, chini ya mlima, karibu na kijito ambamo wanawake wa kijiji walichimba mashimo yao ya kulowekea mihogo. Walikuwa humo tayari, maji mapajani, wakimenya na kucheka. Emilienne, mke wa Alimasi, alimpigia mumewe kelele kwamba amrudishe yule Mzungu kabla jua halijamwivisha, maana hakuna sahani ya kumpakulia. Wenzake wakaangua kicheko. Bwana Saa akauliza wanasema nini, na Gérard akajibu kwamba wanamtakia safari njema. Bwana Saa akawavulia kofia, nao wakacheka zaidi.

Walipanda mpaka jua likawa utosini. Juu kabisa mlima ulikuwa na uwazi wa mawe, na kutoka pale nchi yote ilikuwa chini yao: mto Luama ukimeta na kupotea msituni, vilima vikifuatana kuelekea Salamabila hadi vikawa rangi ya moshi. Hata Gérard, ambaye kwake pori lilikuwa ni tope na mbung'o tu, alivua kofia. Bwana Saa alitokwa na machozi. Alimshika Alimasi mkono, jambo ambalo Gérard hakuwahi kuona Mzungu akilifanya, akampa biskuti, akazungumza juu ya mama yake ambaye hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile. Hakuwa mtu mbaya saa ile. Ni vema lisemwe.

Kisha Alimasi akawalaza wote kifudifudi. Upande wa pili, katika bonde la nyasi, palikuwa na kundi la mbogo, na mbele yake dume kuukuu lenye matope mgongoni. Bwana Saa alipiga picha. Akaitazama saa. Halafu, kama mtu anayekumbuka kitu alichokisahau nyumbani, akaivuta bunduki.

Alimasi alimshika Gérard bega, akamwambia kwa sauti ya chini lakini kwa haraka:

"Muambie asipige. Hii bonde inashuka mupaka kwa kijito. Mbogo ya kidonda haikimbie watu, inawangojea. Na kule chini iko wanamuke yetu."

Gérard aliutazama uso wa Bwana Saa, uso uliojaa furaha, akaona aibu kuuharibu. Isitoshe, ni nani anayemkataza Mzungu? Akasema kwa Kifaransa kwamba kiongozi anaona pale ni mbali kidogo. Bwana Saa akatabasamu, akasema kwamba kwake si mbali, akafyatua.

Risasi ilimwingia dume tumboni. Alijikunja, akazunguka mara moja, kundi likatimka upande mmoja na yeye peke yake akateremka upande mwingine, kwenye matete yaliyofuata maji. Walipofika pale mbogo alipokuwa amesimama, damu ilikuwa imechanganyika na majani yaliyotafunwa. Alimasi aliitazama akaapa. Alisema maneno mengi: kwamba mnyama wa namna ile hafi leo wala kesho, kwamba ataotea ndani ya matete karibu na mihogo, kwamba Bwana anatakiwa kushuka naye na bunduki sasa hivi, amalize alichokianza.

Gérard akafasiri: kiongozi anasema mnyama ana nguvu, labda tungetazama kidogo.

Bwana Saa akaitazama saa. Alisema mbogo atakufa mwenyewe, na kwamba wenyeji watafurahi kuipata nyama. Akaanza kufunga mfuko wake.

Alimasi hakujua Kifaransa, lakini masikio alikuwa nayo.

"Maneno yangu ilikuwa ndefu sawa kamba," alimwambia Gérard. "Yako imefika fupi sawa kidole. Ingine iko wapi?"

Kisha aliushika mtutu wa bunduki kwa mikono miwili, akauvuta kuelekea bondeni, kama unavyomvuta mtu asiyesikia. Tabasamu la Bwana Saa likafutika. Alimpiga Alimasi buti la tumbo, na alipoinama akamchapa na fimbo yake ya kutembelea mdomoni, mara ya kwanza, mara ya pili, na ya tatu akiwa amekwisha kupiga magoti. Jino liliruka likaanguka juu ya jiwe. Gérard alikuwa anatazama milima.

Alimasi alijifuta, akasimama, na hakumtazama tena Mzungu. Alimsemesha Gérard peke yake.

"Kwetu nyama ya pori iko ya mutu aliyeimwaga damu ya kwanza. Ni yeye anakula shingo. Nyama ikiua mutu, kile kifo vilevile ni yake, na shingo hataila mupaka mufiwa amuletee na mukono yake mwenyewe. Lakini mugeni hana damu. Damu ya mugeni iko ya ule aliyemuleta."

"Ni weye ulimuleta hapa juu," Gérard alisema.

"Miye nililetwa na amri ya kapita. Yeye aliletwa na weye, na gari yako."

Alitema damu, akachukua mkuki wake, akaingia mteremkoni akifuata alama. Gérard akajiambia kwamba hayo ni mambo ya washenzi, yeye amebatizwa. Lakini kisogo kilikuwa baridi na jua linawaka.

Wao wawili walirudi kwa njia waliyopandia. Bwana Saa alitembea mbele bila kugeuka, pengine aliona haya, na haya ya mkubwa hugeuka hasira upesi. Walipofika kwenye gari alimwamuru Gérard awashe gari. Gérard akachukua manivela, kile chuma cha kuzungushia injini, akainama. Ndipo waliposikia kelele kutoka kwenye mashimo ya mihogo. Kwanza zilikuwa sauti za wanawake wengi, kisha zikatawanyika, ikabaki ya mmoja.

Gérard alisimama wima. Maneno ambayo siku zote yalimtoka laini yakamtoka makavu, kwa Kifaransa, mbele ya uso wa Mzungu:

"Bwana, mbogo wako anaua wanawake. Alimasi alikukataza kupiga, kwa sababu yao. Mimi sikukwambia. Twende na bunduki, au nipe mimi niende."

Bwana Saa aligeuka mweupe kama unga. Aliyatazama matete, akasikiliza, na Gérard aliona waziwazi mtu yule anavyoogopa. Kisha akasema awashe gari. Gérard hakuinama. Kitako cha bunduki kikampata shavuni, akaanguka juu ya tairi, mdomo ukajaa damu na vipande vya meno yake mwenyewe. Aliposimama, Bwana Saa alikuwa amempa mgongo, anahangaika na mlango wa gari. Gérard aliinua manivela akampiga nayo nyuma ya kichwa, kwa nguvu zake zote, pamoja na zile za miaka yote aliyokuwa akisema ndiyo bwana. Mzungu alidondoka kama gunia la mpunga. Gérard akaokota bunduki, akakimbia na viatu vyake ndani ya tope.

Maji ya mashimoni yalikuwa meupe kwa mihogo na mekundu juu yake. Emilienne alikuwa ndani ya shimo moja, maji shingoni, hana pa kutokea, na kati yake na mbogo alikuwa Alimasi. Mkuki ulikuwa umekatikia begani mwa mnyama. Alimasi alikuwa chini. Mbogo alimsaga topeni kwa paji la uso, akamwinua kwa pembe iliyoingia chini ya mbavu, akamtupa, akamfuata, akamwinua tena. Emilienne hakuwa akipiga kelele sasa. Alikuwa akiita jina la mumewe kwa sauti ya kawaida, kama anayemwita aje kula.

Bunduki ile Gérard alikuwa ameisafisha jana yake jioni, lakini kufyatua hakuwahi. Risasi ya kwanza ilipiga maji. Mbogo akainua kichwa, uso wote damu ambayo haikuwa yake, akaja. Gérard hakukimbia kwa sababu miguu ilikataa, wala si kwa ushujaa. Alifyatua mara ya pili mnyama akiwa karibu kiasi kwamba baruti iliunguza manyoya, na dume likamwangukia, likauvunja mguu wake wa kushoto chini ya uzito wake.

Wanawake walirudi, wakamvuta Gérard kutoka chini ya mbogo. Alijikokota hadi kwa Alimasi. Utumbo ulikuwa nje, lakini macho bado yalikuwa na mtu ndani.

"Ulimuambia?" Alimasi aliuliza.

"Nilimuambia. Sasa nimemuambia yote."

Alimasi alifumba macho. Alikufa kichwa kikiwa mapajani mwa Emilienne, na Gérard alilia mbele za watu asiowajua kama mtoto aliyepotelewa na kaka.

Bwana Saa alipozinduka hakujua ni nani aliyempiga. Mtu aliyepigwa kwa nyuma huchagua adui anayemfaa, naye akamchagua yule mshenzi wa mlimani: ndiye aliyemvizia, ndiye aliyenyang'anya bunduki. Kule Kasongo habari ikapokelewa hivyo. Tajiri wa Gérard alikuja mwenyewe mahali walipomfungia angojee kuhojiwa, akamwambia akubali tu kwamba ni Alimasi, Jumatatu arudi kazini, madereva ni adimu. Kapita naye akamsihi: maiti hachapwi. Lakini kapita huyo huyo alisema pia, akiangalia pembeni, kwamba ikiwa ni Alimasi, askari watakwenda Lusangi, watachoma nyumba yake na kuwafunga ndugu zake kamba za shingo, kwa kuwa mtu wao alimwaga damu ya Mzungu.

Gérard aliogopa. Usiku hakulala, alikuwa akijipapasa mgongo wake laini kama mtu anayeagana nao. Neno moja tamu lingetosha, na hakuna aliyekuwa fundi wa maneno hayo kuliko yeye.

Asubuhi walimsimamisha kwa mguu mmoja mbele ya Mzungu wa serikali, na tajiri wake kando, na Bwana Saa amefungwa bandeji. Aliulizwa ni nani aliyempiga bwana huyu.

"Ni mimi," alisema, kwa Kifaransa safi cha mapadri. "Nilimpiga kwa manivela, nikachukua bunduki. Alimasi alikuwa amekwisha kwenda. Na ni mimi niliyemleta mgeni huyu."

Walimlaza kifudifudi uani, askari wawili wakamkalia mikono na miguu, ukiwemo ule uliovunjika, na wa tatu akachukua kiboko. Nisiseme alivumilia. Alipiga kelele tangu cha kwanza, akamwita mama yake, akaomba msamaha kwa yeyote aliyekuwa karibu, akajikojolea. Ngozi ilipasuka, na kiboko kikaendelea kupiga palipopasuka. Baadaye wakammwagia maji ya chumvi, wakamtupa ndani kuanza kifungo chake.

Msiba ulipokwisha, Emilienne alikuja. Alikuwa ametembea kutoka Lusangi, kichwa kimenyolewa, na kwenye lango ambapo watu huwaletea wafungwa wao chakula alitaja jina la mtu asiye ndugu yake. Gérard alitoka akiegemea gongo. Hakuweza kumtazama machoni. Alianza kusema jambo, pole, au samahani, na kila neno aliloligusa lilikuwa na ladha ya ile asali ya zamani mdomoni, akaacha.

Emilienne alifungua majani. Ndani palikuwa na nyama ya shingo, iliyokaushwa kwa moshi, nyeusi.

"Nimeleta na mukono yangu," alisema. "Kula, niko naona."

Machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuyafuta. Gérard alikaa chini kwenye vumbi, akaipokea kwa mikono miwili. Meno yaliyobaki yalikuwa upande mmoja tu, na nyama ilikuwa ngumu, kwa hiyo alitafuna polepole sana. Emilienne alisimama pale pale juani mpaka kipande cha mwisho kilipokwisha.