Ngege wa Mama Naswa

Jumanne, saa nne asubuhi, Metrine alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya mtaa wa Obunga, Kisumu, mguu mmoja ndani na mwingine nje, akishona kitambaa cha kochi. Mtaani wanamwita Mama Naswa, kwa jina la bintiye. Kile kisindano chake chenye kulabu nchani kilikuwa kikiingia na kutoka kwenye uzi bila yeye kukitazama, maana macho yake yalikuwa kwa jirani yake Dorca, aliyekuja tena kuomba apunguziwe bei.

"Lakini Mama Naswa," Dorca alisema, "hii kazi si unafanya tu ukipiga stori? Ona, hata sasa unaniongelesha."

"Nashona na nakuongelesha."

"Sasa hapo mimi nalipia nini?"

Metrine aliuvuta uzi, akaendelea kushona. Miaka yote alikuwa akishona kwa raha yake tu, na alichoshona alikigawa. Msichana akiolewa, kitambaa. Mtoto akibatizwa, kitambaa. Safu nzima ya nyumba zile haikukosa kazi ya mkono wake: juu ya redio, juu ya thermosi, hata juu ya friji ya mtu ambaye stima yake ilikatwa zamani. Siku alipotangaza kwamba kuanzia sasa vitambaa vinauzwa, watu walinuna kana kwamba amesema atatoza salamu. Ndivyo tulivyo, tusidanganyane. Mtu akitokwa na jasho tunamlipa, ingawa kwa kunung'unika. Akifanya kazi huku anatabasamu tunaona anatuibia.

Kabla ya hapo alikuwa akifulia watu nguo huko Milimani. Sabuni ilimla mikono mpaka vidole vikapasuka, na kidole kilichopasuka hukwama kwenye uzi. Akaona itabidi achague, mikono ya kufua au mikono ya kushona, naye akachagua. Mumewe Wekesa, mlinzi wa ghala moja mjini, hakumgombeza. Alimwambia ajaribu mpaka shule zifunguliwe, na kama kufikia hapo vitambaa havitakuwa vimempeleka Naswa shuleni, basi arudi kwenye karai. Tajiri wa Milimani alimwekea nafasi yake na alikuwa akipiga simu kumkumbusha. Kila simu ilipolia, Metrine alihisi vidole vikimwasha.

Vitambaa vya maua vilikuwa tele mtaani, kila mwanamke na waridi lake, kwa hiyo yeye akaamua kushona ngege, yule samaki wa ziwani. Na walikuwa ngege kweli, bila utani. Magamba alikuwa akiyafuma moja moja, mapezi yamesimama, mdomo umefunguka kidogo, tumbo la rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai machache. Watu wa Kisumu walipomwona samaki wa namna ile kwenye kochi, mikono iliingia mifukoni yenyewe.

Hapo katikati lakini alifanya kosa, na ni kosa ambalo mtu yeyote wa Obunga angelifanya. Zamani kila kitambaa kikiisha alikifua, akakitia wanga, akakianika. Sasa mfereji wa mtaa, bomba ambalo wote walichotea maji, ulikuwa umekauka tangu kabla ya Pasaka, na maji yote ya upande ule yalitoka kwa Mzee Ogola, kwa mtungi, kwa bei aliyoamka nayo siku hiyo. Biashara inataka kubana, na Metrine akabana hapo. Aliacha kufua. Aliwaambia wateja, "Visifuliwe, vikung'utwe tu." Kwa hiyo ngege wale walishonwa, wakauzwa, wakatandikwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuonja maji.

Alhamisi, ushirika wa akina mama ulikutana kwa Dorca. Ushirika huo huzunguka nyumba kwa nyumba, na mwenye zamu hutandika vitambaa vyake vipya, maana Neno ni Neno lakini makochi nayo huonekana. Walipofika kwenye maombi ya wagonjwa, ngege wa kochi kubwa alijichomoa kwenye kitambaa, akajinyoosha mgongo, akaelea mpaka mlangoni. Wenzake wakamfuata. Walipita kwa urefu wa goti, polepole, bila kumgusa mtu. Dorca alifungua jicho moja, akawaona, akalifumba, akaendelea kuwaombea wagonjwa mpaka amina. Maombi hayakatizwi.

Kisha akabeba kitambaa kimoja hadi kwa Metrine. Pale palipokuwa na ngege palikuwa na tundu lenye umbo la ngege.

"Mama Naswa, samaki wako wametoka."

"Wote?"

"Wote. Yule wa meza ndogo ametoka wa mwisho, mvivu sana huyo."

"Wameelekea wapi?"

"Huko chini, kwa Ogola. Yawa, mimi nilinunua kitambaa na samaki. Hili tundu nalifanyia nini?"

Kufikia Ijumaa hakuna nyumba iliyokuwa imebaki na ngege. Walionekana wakiteremka vichochoroni, makundi makundi. Mwendesha boda boda mmoja aliwasubiri wapite, kisha akawapigia honi kwa sababu walikuwa wakijivuta. Muuza omena, dagaa wa ziwani, alifunika beseni lake, asije akaulizwa kama wale nao ni wake. Paka walijaribu bahati, wakabaki na nyuzi kwenye meno, wakaachana nao.

Aliyebaki kwenye kitambaa chake alikuwa mmoja tu, na alikuwa huko Dunga, ufukweni, kwa mvuvi aitwaye Gordon. Gordon alikuwa ametaka kamongo, yule samaki mrefu ambaye ziwa likikauka hujizika kwenye tope akangoja mvua. Kamongo wa Gordon hakusogea. Metrine aliwauliza wateja wengine kama angewashonea kamongo badala ya ngege, wakamkatalia katakata. "Nani atakaribisha mchungaji aketi juu ya kamongo?" Dorca aliuliza. "Sura yenyewe ile!"

Siku hiyo simu ya Milimani ililia. "Nitakupigia," Metrine alisema, akakata. Aliingia ndani akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akanawa uso kwa maji ya kikombe na kutoka.

Jumamosi akina mama walishuka kwa Mzee Ogola, Metrine akiwa mbele. Ogola aliwafungulia geti mwenyewe. Ni mtu mpole sana Ogola, kinanda cha kanisa ni yeye aliyekinunua, na hakuna anayefika kwake akakosa soda. Nyuma ya nyumba palikuwa na tangi la saruji, pana, limechimbiwa ardhini, na ndani yake ngege wote walikuwa wakizunguka. Walikuwa wamenenepa. Uzi ulikuwa umevimba kwa maji na rangi zimekolea, na walivyokuwa wakicheza mle, Metrine alijisikia fahari kabla hajakumbuka kilichomleta.

Dorca ndiye aliyeiona paipu. Ilikuwa nene, ya chuma, imetoka upande wa barabara, ikaja moja kwa moja kuelekea mfereji wa mtaa, halafu ghafla ikakata kona na kuingia tangini. Maji yalikuwa yakiporomoka bila kukoma. Ngege walipenda kukaa pale yanapoangukia.

"Mzee Ogola," Dorca alisema, "hii si paipu yetu?"

Ogola aliitazama paipu kama mtu anayeonyeshwa mtoto wa jirani. "Ni kweli," alisema. "Nayo ilikuja yenyewe. Si mnaona jinsi vitu vinavyopenda kuja hapa?"

"Wuololo! Paipu ya chuma ije yenyewe?"

"Samaki wa uzi wamekuja kwa miguu gani, mama?"

Aliitwa naibu wa chifu. Akaja, akachungulia tangini, akawasifu samaki, akanywa soda mbili na kuahidi kulifikisha jambo hilo juu. Jumatatu alikuja kijana wa kampuni ya maji, mwenye kofia ya plastiki na kalamu sikioni. Alizunguka tangi, akagonga paipu kwa kifundo cha kidole, akauliza kama samaki wale wana kibali cha kufugwa. Ogola akasema kibali kiko njiani. Kijana akaridhika na kwenda zake.

Akina mama wakarudi kwa Metrine. "Wewe mikono yako ina kitu," Dorca alimwambia, na kwa mara ya kwanza hakutaja bei. "Tushonee mfereji."

Metrine aliwashonea. Ulikuwa mfereji mzuri, wa uzi wa njano, na kishikio chake kiligeuka bila kukwama. Waliufunga pale penye ule mkavu wa mtaa, wakaimba pambio moja, wakaenda kulala. Asubuhi haukuwepo. Hakuna aliyeuliza uko wapi. Walimkuta Ogola ameshaufungia kwenye tangi lake, akijazia watu mitungi, na alimsifu Metrine mbele ya wote kwamba haukuwa ukivuja hata kidogo.

Sasa shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na wateja walitaka ama ngege wao ama pesa zao. Metrine alikaa mlangoni na kitambaa chenye tundu mapajani. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akivifua zamani. Akainuka, akakichukua hadi kwa Ogola, akanunua mtungi mmoja, akaumimina kwenye beseni kando ya tangi na kukizamisha kile kitambaa. Ngege mmoja alitoa kichwa majini, akatazama. Kisha akaruka ukingo wa tangi, akaingia kwenye beseni, akajipanga ndani ya tundu lake, pezi kwa pezi, na kutulia.

"Yule mvivu wa meza ndogo ndiye huyo," Dorca alisema. "Mimi namjua."

Kwa siku mbili mbele ya tangi palijaa mabeseni, na kila beseni lilijazwa kwa mtungi wa Ogola. Samaki wote walirudi. Metrine alipita nyumba kwa nyumba akitoa masharti mapya: "Kila asubuhi, kabla ya chai, vilowesheni. Mkivisahau, mimi simo."

Na watu walivilowesha. Makochi ya Obunga yakawa maji maji tangu asubuhi hadi jioni. Mgeni akiinuka, nguo yake ilikuwa imelowa nyuma, na baada ya muda ikawa ndiyo alama kwamba umetoka kutembelea nyumba inayojiheshimu. Kuna vijana waliojimwagia maji kwa siri. Oda zikaja kutoka Mamboleo, zikaja kutoka Dunga, na ile simu ya Milimani ilipolia tena, tajiri hakuwa akiuliza habari za nguo. Alikuwa akitaka ngege wa makochi saba. Metrine alimtajia bei, kisha akaufunika mdomo kwa kiganja, kwa kicheko. Naswa alienda shuleni na sare mpya. Wekesa alianza kuwaambia walinzi wenzake kwamba mke wake ni fundi, na alilitamka neno hilo polepole ili walisikie vizuri.

Mfereji wa mtaa uliendelea kuwa mkavu. Foleni kwa Ogola ilirefuka, kwa kuwa sasa watu walinunua maji ya kunywa, ya kupikia, na ya samaki. Alijenga tangi la pili.

Kisha Ogola mwenyewe akaagiza. Makochi yake yalikuwa makubwa, ya ngozi, na alitaka ngege kila mahali, hadi kwenye mapazia. Hakuomba apunguziwe hata shilingi. Alikuwa mteja wa kwanza kulipa bila kuuliza analipia nini, na Metrine alifurahi, kisha akakasirika kwa kufurahi kwake, kisha akashona. Ile kazi ilimtoka vizuri kuliko zote. Alijaribu kuiharibu kidogo kwenye mapezi, lakini mikono ilimkatalia.

Baada ya wiki alirudi kuangalia, kama afanyavyo kwa kila mteja. Ogola alimpitisha sebuleni. Ngege walikuwa wametulia mahali pao, mmoja amelala kabisa, mdomo wazi. Metrine aligusa kitambaa. Kilikuwa kikavu, kikavu hasa. Akagusa cha pili.

"Mzee, hivi huvilowanishi?"

"Kwani vinaloweshwa?" Ogola aliuliza, naye aliuliza kwa moyo safi. "Tangu uvitandike hata mmoja hajasogea."

Metrine alisimama pale na kiganja juu ya kochi. Kupitia ukuta alisikia maji yakiporomoka tangini, bila haraka; ngege wa humu hawakuwa na safari ya kwenda. Roho ilimuuma kwa namna ambayo hangeweza kumweleza mtu, kwa sababu samaki walikuwa wake, aliwashona mwenyewe gamba kwa gamba, na walikuwa wamestarehe.

Aliaga. Ogola alimsindikiza hadi mlango wa mbele, akampa soda ya kunywa njiani. Metrine aliiweka soda kwenye mfuko wa nyuzi, akaokota mitungi yake aliyokuwa ameiacha getini, akazunguka nyumba hadi nyuma na kuuliza nani ni wa mwisho kwenye foleni.