Tone Kwenye Maji ya Bluu

Mume wangu aliongezewa damu mifuko miwili. Haikumponya, lakini ilitupa miezi mitano. Katika miezi hiyo alimwozesha binti yetu, akapaka rangi mlango uliokuwa umemshinda miaka yote, na tukaombana msamaha kwa mambo ambayo mke na mume hawayataji mbele za watu. Nikiulizwa mfuko wa damu una faida gani, najibu kwamba huo mlango naupita kila siku.

Mfuko mmoja ulitoka kwa mtu nisiyemjua. Wa pili, nilivyoambiwa, ulitoka kwa mdogo wake, yaani shemeji yangu. Kwa hiyo miaka tisa, kila alfajiri nikisali, nilimtaja mtu yule nisiyemjua, kisha nikamtaja shemeji.

Na mimi niliweka nadhiri kwamba nitarudisha mfuko mmoja. Mwanzo niliogopa sindano, halafu nikawa najificha nyuma ya cherehani, maana nashona sare za shule na kazi haiishi. Mwaka huu nikashtuka kuwa nimebakiza miezi sita kufika sitini na tano, na umri huo ukifika hospitali yetu haimpokei mtoaji damu. Nikaenda. Wakanirudisha, damu yangu haitoshi. Nikakaa miezi miwili nakula mboga za majani na maharage kama niliyetumwa, nikarudi tena.

Safari hiyo ya pili binti yangu alimwambia baba yake mdogo anisindikize. Shemeji ni fundi baiskeli anayetembea kwa miguu. Yake alisema iliibwa nje ya hospitali wakati kaka yake amelazwa, na hakununua nyingine. Watu wamemtania mpaka wamechoka.

"Shemeji, huko wanalipa shilingi ngapi?" aliniuliza njiani.

"Hawalipi."

"Unyonywe bure? Basi na mbu wa kwangu nikuletee."

"Mbu anakuachia homa. Hawa wanakuachia soda na biskuti. Tembea."

Chumba cha damu kina benchi refu, vitanda viwili na meza ya binti mpimaji. Tulimkuta dereva wa lori ambaye huja kila mwaka tarehe aliyozaliwa mwanawe, kwa sababu siku hiyo mkewe alitokwa na damu nyingi. Karibu naye alikaa mwalimu, yeye alisema wazi kuwa anataka tu kujua kundi lake la damu. Binti alicheka, akamwambia hata hiyo ni sababu.

Shemeji akaona pa kuingilia. "Binti, mngelipa si benchi hili lingejaa mpaka barabarani?"

"Lingejaa, baba. Lakini mtu aliyekuja kwa shida ya hela, nikimuuliza kama anaumwa, atanijibu nini?"

Nilitegemea shemeji amrudishie neno. Yeye haachi neno lipite. Badala yake akaanza kukwangua grisi kwenye kucha zake. Niliona, nikaweka moyoni.

Zamu yangu ikafika. Binti alinichoma kidole, akavuta damu kidogo, akadondosha tone moja kwenye chupa yenye maji ya bluu, kama yale ya kusuuzia nguo nyeupe. Damu yenye nguvu huzama. Nyepesi huelea. Nilisali nimefumbua macho, nisipitwe. Tone lilishuka urefu wa ukucha, likasita, likapanda juu na kukaa.

"Pole, mama."

"Nimekula mboga miezi miwili, mwanangu."

"Unakula na nini?"

"Na ugali, na wali, kinachopatikana."

"Na kinywaji?"

"Chai ya rangi. Mimi bila chai chakula hakishuki."

Akaweka kalamu chini. "Ndiyo hiyo, mama. Chai inazuia ile nguvu ya mboga isiingie mwilini. Kula kwanza. Chai ingoje saa moja, hata mbili. Rudi baada ya miezi mitatu."

Nilihesabu kwa vidole. Miezi mitatu ingenibakizia mwezi mmoja. Nikajifunga mtandio vizuri ili uso usionekane ulivyo, nikainuka.

Ndipo shemeji akakaa kwenye kile kiti, akakunja mkono wa shati. "Pima na mimi."

Tone lake lilizama kama jiwe. Binti akachukua fomu na kuanza maswali. Unatumia dawa? Hapana. Umeumwa mwezi huu? Hapana.

"Umewahi kutoa damu?"

Shemeji aliniangalia kwanza mimi.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Binti akaandika, akamwambia asubiri kitanda. Alikuja kukaa kwenye benchi, mbali nami kidogo, kama mtoto aliyevunja kikombe.

"Siku ile ya kaka, nilimleta mtu," akasema bila kuulizwa. "Alikuwa anakaa pale getini, anauza damu yake. Nikasema ni binamu yetu. Mimi sindano ilinishinda, shemeji. Nilifika mpaka mlangoni, miguu ikagoma."

"Ukamlipa nini? Hukuwa na kitu wakati ule."

Akaangalia miguu yake. Nikaelewa mwenyewe.

"Baiskeli," nikasema.

"Baiskeli. Na damu yenyewe waliipima, wakaikuta ina ugonjwa, wakaimwaga. Walituonea huruma wakatoa mfuko mwingine, sijui wa nani. Nikabandika plasta mkononi, nikarudi nyumbani. Wewe ukanipikia."

Nilikumbuka ile plasta. Nilikumbuka na kuku niliyemchinjia.

"Miaka tisa nakuombea kwa jambo ambalo hukulifanya."

"Najua. Kila uliponishukuru nilitamani ardhi inimeze. Ndiyo maana baiskeli sikununua."

Hasira ilinipanda, sitasema uongo. Lakini nikamwangalia jinsi alivyokuwa akiitazama ile sindano mbali kule kitandani, jasho limemtoka, na bado mkono wa shati ameuacha umekunjwa. Angeweza kumjibu binti "ndiyo," nami nisingejua mpaka kaburini.

"Baba, karibu," binti akaita.

Hakuinuka.

"Nenda," nikamwambia. "Zile sala hazikupotea. Mungu alikuwa amekuwekea."

"Unishike mkono, shemeji."

"Mtu mzima na ndevu zako!"

"Ndevu hazichomwi sindano. Nishike."

Nikamshika. Aliniminya mpaka pete ikanichora kidole. Mfuko ulipojaa alifungua jicho moja, akauliza kama wamemaliza au ndiyo wanaanza. Dereva wa lori alicheka hadi akakohoa. Shemeji biskuti zake alinigawia nusu.

Miezi mitatu nilikula kwanza, nikaiacha chupa ya chai juu ya kabati inanitazama. Shemeji alikuwa akipita mchana na kuniuliza, "Imefunguliwa au bado iko mahabusu?" Siku ilipotimia alikuja kunichukua. Alikuja na baiskeli, mtumba, kengele yake haisikiki mbali, lakini kiti cha nyuma alikuwa amekifungia mto. Na yeye siku zake za kutoa tena zilikuwa zimefika.

Binti mpimaji alinikumbuka. Akachoma kidole, akadondosha. Shemeji aliinama juu ya chupa kunizidi hata mimi, mpaka binti akamwambia asipumulie maji yake.

Tone lilishuka. Likasita palepale liliposita siku ile. Kisha likaendelea, taratibu, mpaka chini.

"Kitanda cha kwanza, mama," binti akasema.

"Shemeji," nikamwita, kwa maana sindano nilikuwa nimeiona. "Njoo unishike mkono."