Padi Isiyo na Waya na Mkono wa Kaka Mwinshehe

Jana usiku, nikiwa usingizini, niliitwa kwenye usaili. Hilo peke yake si ajabu, kwa sababu tangu nimalize chuo nimesailiwa mara nyingi macho yakiwa wazi. Ajabu ni kwamba waliokaa mezani kunisaili walikuwa padi za gemu, vile vidude vya kushika kwa mikono miwili unapocheza mpira kwenye televisheni. Zilikuwa tatu, kila moja na kiti chake na chupa yake ya maji.

Mimi nimevaa sketi yangu nyeusi ya usaili. Nimekuja na kaka yangu mkubwa, Kaka Mwinshehe. Mlangoni mlinzi ni feni ya kusimama.

"Habari za kazi," nikaisalimu. "Tunaweza kuingia?"

Feni ikatikisa kichwa, kushoto kwenda kulia.

"Tusiingie?"

Ikatikisa kichwa vilevile. Nikaona hatutafika, nikashika kitasa. Hapo ndipo iliposema, kwa sauti ya mtu mwenye mafua: "Humu wanaingia wasio na waya tu. Toeni waya zote."

Nikatoa hedifoni. Nikatoa chaja. Nikatoa na waya wa kuanikia nguo wa mama, ambao sijui kwa nini nilikuwa nimejifunga kiunoni; nguo zenyewe zilikuwa bado zinaning'inia, mbichi. Feni ikapokea kila kitu bila kushangaa, ikaanza kuzikausha zile nguo.

"Na huyu?"

"Mimi sina kitu," akasema Kaka Mwinshehe.

"Una waya ndani ya mkono. Nausikia."

Ni kweli. Kaka alianguka na pikipiki, madaktari wakamfunga mifupa ya mkono wa kulia kwa waya mwembamba. Ukiutazama mkono utasema umepona. Lakini vidole havikunji, na kidole gumba kimekaa tu kama mgeni asiyejua ataondoka lini. Tangu hapo hajagusa gemu, yeye aliyenifundisha mimi kucheza. Jioni anajifungia chumbani, ukimwita anasema amelala. Mimi nilikuwa nimekuja kuchagua padi itakayomtoa chumbani humo. Sikuwa na haja nyingine duniani.

"Kaka, ningoje hapahapa."

"Nenda tu, Semeni. Kungoja nimeshazoea." Akakaa kwenye ngazi, mkono umefichwa mfukoni.

Ndani, mwenyekiti ni padi kubwa nyeusi yenye taa zinazobadilika rangi kila inapovuta pumzi.

"Kwa nini unadhani unafaa kununua mmoja wetu?"

"Najituma, na ninaweza kufanya kazi katika mazingira magumu," nikajibu, kwa kuwa ndilo jibu ninalolijua.

Taa zikawa za kijani. Padi ya pili, nyembamba, ya kubana simu katikati, ikaegemea mbele. "Mimi natetemeka," ikasema. "Mchezaji akikwatuliwa, natetemeka." Ikatetemeka, ikamwaga maji yake.

"Pole," nikasema.

"Hakuna cha pole. Ni sifa yangu."

Ya tatu ilikuwa ya kijivu, ndogo, na kitaa kimoja tu. Mbele yake kibao kimeandikwa: INAENDANA NA VYOTE.

"Mwonyeshe," mwenyekiti akaamuru.

Ile ya kijivu ikajibonyeza. Televisheni ikawaka. "Ndiyo," ikasema. Friji ikafunguka. "Ndiyo." Jogoo wa jirani akawika, akanyamaza, akawika tena kwa sauti ya chini zaidi. "Ndiyo." Dirishani, milima ya Uluguru ikasogea kushoto kidogo, ikarudi mahali pake. "Ndiyo," ikasema, kama karani wa dirishani siku ya Ijumaa jioni.

Nikakohoa. "Samahani. Inaendana na kaka yangu?"

Ile ya kijivu ikamgeukia mwenyekiti.

"Ni kifaa cha mwaka gani?" mwenyekiti akauliza.

"Amenitangulia mimi kidogo."

"Kinachajiwa kwa nini?"

"Chai ya rangi na mihogo ya kukaanga."

"Kina vidole gumba vingapi?"

"Viwili. Ila kinachosikia ni kimoja."

Taa zote zikawa nyekundu. Mwenyekiti akatoa boksi la ile ya kijivu chini ya meza, akasoma maandishi madogo ya kwenye kitako: "Hushikwa kwa mikono miwili." Boksi likapita kwa wajumbe wote, kila mmoja akaafiki kwa kichwa, ingawa hawana vichwa.

"Naomba basi nimpelekee hii ya kijivu aishike tu kidogo," nikasema. "Yuko hapo nje."

"Mawimbi yake yanafika mita kumi. Ikivuka, inazimika."

Nikageuka kumwonyesha mwenyekiti kwamba mlango uko karibu. Mlango haupo. Tuko kwenye uwanja wa mpira, meza ya usaili imewekwa juu ya alama ya penalti, na Kaka Mwinshehe amekaa upande wa pili kabisa wa uwanja, mdogo kama kitufe, akitazama nyasi.

Naibeba ile ya kijivu, naanza kutembea. Kila ninavyosogea, kitaa chake kinafifia.

"Dada," ikaniita, "umeshawahi kuambiwa kila siku kwamba unafaa kwa kila kitu?"

"Mimi ni mhitimu," nikasema. "Kila barua ninayotuma nimeandika kwamba naweza kufanya kazi yoyote, mkoa wowote."

"Wanakuita?"

"Wananiita, wananisifia, narudi nyumbani."

"Mimi wananiunganisha. Kwenye chochote. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama napenda."

Nyuma yetu mwenyekiti akapaza sauti: "Mita kumi hizo! Rudini!"

"Ndiyo," ile ya kijivu ikajibu, kwa mazoea tu.

Nikasimama. Nilitamani sana kumfikishia kaka padi ile, lakini sikuona vizuri kumtoa mmoja kifungoni kwa kumburuta mwingine. "Ukitaka kurudi, nitakurudisha," nikaiambia. "Na ukitaka kuwakatalia, wakatalie. Mimi sikulazimishi."

Kitaa kikazimika. Kisha kikawaka.

"Hapana," ikasema. Ikarudia polepole, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi. "Hapana. Hapana, bwana." Kule mezani chupa ikaanguka. Sisi tukaendelea na safari.

Kaka Mwinshehe alitutazama tukija. "Umeinunua?"

"Imekuja yenyewe."

"Semeni, mdogo wangu, mkono wangu unaujua." Akaudidimiza zaidi mfukoni. "Nimechoka kuonewa huruma. Mama ananikatia hadi nyama. Sasa na wewe uje unitafutie kichezeo?"

Aliyemjibu ni padi.

"Kaka, kwenye boksi langu wameandika mikono miwili. Nimelala na maandishi hayo tangu kiwandani, hakukuwa na kingine cha kusoma. Hawakuandika popote kwamba iwe mikono ya mtu mmoja."

Kaka akanitazama. "Eti kweli?"

"Boksi limesomwa mbele yangu. Hawakuandika."

Akacheka kwa puani, kicheko chake cha zamani, cha kabla ya pikipiki. "Haya, sogea. Mimi nakimbia, wewe unapiga. Na ukinizingua nakutoa, naingiza hata ile feni."

Tukakaa begani kwa bega, padi katikati yetu. Yeye kidole gumba chake cha kushoto juu ya kijiti cha kukimbilia, mimi changu cha kulia juu ya vitufe. Pale uwanjani mechi ikaanza; mshambuliaji wetu akasimama, akageuka nyuma.

"Nani ananiendesha?"

"Sisi," tukajibu.

"Ndiyo maana. Nasikia mguu mmoja una haraka, mwingine una wasiwasi."

"Wenye wasiwasi ni wa huyu," akasema kaka.

Kaka anakimbia. Anakata kushoto, anapita beki wa kwanza, anamzunguka wa pili kama mtu anayekwepa dimbwi. "Piga!" Napiga. Mpira unagonga mwamba. "Si mbaya, ila unabonyeza kama unaomba ruhusa." Anarudi, anakimbia tena. Tunafungwa moja, tunarudisha. Hatuzungumzi tena habari za mkono. Umetoka mfukoni wenyewe, umelala juu ya goti lake, na hakuna anayeutazama.

Dakika ya mwisho mwenzetu yuko mbele, peke yake na kipa. "Pasi!" kaka anapiga kelele. "Toa sasa!" Nami badala ya kutazama mpira namtazama yeye. Amefumbua macho yote, anacheka, jasho limemtoka puani. Namtazama nusu sekunde zaidi. Ndipo nabonyeza. Kibendera kinapanda.

"Ameotea!"

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mama alikuwa anafagia uani. Nikatoka na kanga yangu, na barazani nikamkuta Kaka Mwinshehe, ambaye saa hizo huwa bado amejifungia. Amekaa kwenye benchi, kikombe mkono wa kushoto.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Akanywa funda moja, akameza, akatazama uani. "Ile pasi ya mwisho ulichelewa."

Mama akaacha kufagia. "Pasi gani tena?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe," nikamwambia kaka.

"Uangalie mpira," akasema, akajisogeza kwenye benchi, akaniachia nafasi upande wake wa kulia.