Piano Iliyotazama Ukuta

"Hiyo kitu inakulaka nini?" Hulda, jirani, alimwuliza Jokébed siku kamyo ya mizigo ya dereva Aruna ilipopandisha piano kutoka Beni mpaka Butembo. Mzungu mmoja wa mashamba aliiacha uhuru ulipofika.

"Inakulaka bidole ya mutoto wangu," Jokébed alijibu.

Mtoto mwenyewe ni Élise, mwalimu. Alijifunza piano kwa wamisionari, na kila likizo alizunguka vijijini kukusanya nyimbo za endara, zile mbao wanazozilaza juu ya vigogo vya migomba, watu wakazipiga pamoja, hawa upande huu, wale ng'ambo. Wimbo mmoja ulimnyima usingizi. Marehemu baba yake aliupiga na mzee Salomon, uso kwa uso. Kisha waasi wakaja, wakaifanya endara yenyewe kuni za kuota moto. Wapigaji wengine wakafa. Élise alikumbuka vipande vya utotoni, lakini wimbo mzima ulibaki kichwani mwa Salomon tu, naye mzee hakutaka kuusikia tena.

Leo amekuja nyumbani kwa Jokébed, amekubali kusikiliza. Mara moja, halafu anapanda kamyo ya kwenda Musienene.

Élise akapiga. Jokébed, mgongo wima kama kwenye ibada, alimwangalia mzee, si piano. Mzee akakunja uso.

"Muzuri. Lakini juu ya nini unaangalia ukuta, sawa mutoto wa masomo mwenye bamepatia azabu? Benzako biko wapi?"

Hulda, aliyesimama mlangoni, akacheka. Élise hakucheka. Piano huwekwa ukutani, ndivyo alivyofundishwa. Akaruka kutoka kwenye kiti.

"Mama, tusukume."

Wanawake wote watatu wakaisukuma hadi katikati ya chumba. Salomon akapita nyuma ya piano, akachomoa fimbo mbili kotini, akagonga mbao za mgongo wa piano, uso kwa uso na Élise. Élise akajiunga naye. Wimbo ukakimbia, lakini ulichechemea, na Jokébed alijua palipopungua. Ni mahali pa mume wake. Tangu kilio chake hakuwa ameimba ila nyimbo za kanisa. Bwana, nisaidie, akasema moyoni, akaiimba ile sauti nzito ya chini aliyokuwa akiipiga mumewe.

Mkono wa kushoto wa Élise ukaidaka.

Hapo nyumba ikajaa wimbo. Hulda alicheza hadi kitenge kikamfunguka. Nje kamyo ilipiga honi. Salomon akagonga kwa nguvu zaidi. Wakarudia, wakarudia tena, jasho likiwatoka.

"Baba Salomon," Élise akasema akihema, "utarudi siku gani?"

Mzee akaziangalia fimbo zake. Akaziweka mikononi mwa Jokébed, akamsogeza asimame mahali pake nyuma ya piano, akachukua kofia, akatoka kwenda kupanda kamyo.