Kumi na Saba na Nusu

Mwalimu Seweryn alikuwa na sifa moja kubwa shuleni kwake Lublin, na haikuwa ya kumfanya apendwe. Mwanafunzi akipata jibu sahihi la hesabu ya kemia lakini akasahau kuandika gramu, au lita, au moli, Seweryn alimkata nusu ya alama bila kupepesa macho. "Tano nini?" alimuuliza mbele ya wenzake. "Tano mbuzi? Tano ndoo? Mimi nitajuaje?" Wanafunzi wakambandika jina la Tano Nini. Yeye alilijua, na ukimkuta siku nzuri lilimfurahisha.

Baba yake, Hieronim, alifariki mwishoni mwa kiangazi, akamwacha mkewe Genowefa na nyumba ya mbao kijijini, mitofaa michache, na mizinga sita ya nyuki. Seweryn alitaka mama ahamie kwake mjini. Tangu aachane na mkewe, chumba cha pili kilikuwa cha maboksi na viatu, na yeye mwenyewe alikuwa amechoka kula akitazamana na ukuta. Hilo la ukuta hakumwambia mama. Alimwambia habari za kuni, za barafu kwenye ngazi, na za daktari aliye mbali.

Genowefa alimsikiliza huku akimenya viazi.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

"Basi nisikilize na mimi. Baba yako alikaa na hawa nyuki kuliko alivyokaa na mimi. Siwezi kuwapa kisogo udongo wa kaburi haujakauka. Wakivuka baridi, nabaki hapa hapa, na wewe usinipigie kelele tena. Wasipovuka, nakuja kwako, na hutanisikia nikilalamika."

"Mama, wewe hata kifuniko cha mzinga hujawahi kukigusa."

"Na wewe ulipozaliwa nilikuwa sijawahi kushika mtoto. Mbona uko hapa unanijibu?"

Seweryn akacheka, wakakubaliana. Ndani ya gari njiani kurudi mjini aliwaza kwamba mwanamke wa umri ule hawezi kuwavusha nyuki wa mizinga sita, na kwamba kufikia masika atakuwa na mtu wa kula naye. Aliona haya kuwaza hivyo, lakini aliwaza.

Mwanzoni mwa Desemba mama akapiga simu. Kila mwaka nyuki wakishajikunyata kwa ajili ya baridi, Hieronim aliwadondoshea shira yenye asidi oksaliki, ile ile inayofanya supu ya majani machachu iwe chachu, ili kuua utitiri unaowanyonya. Genowefa kazi yake ilikuwa kupika shira tu. Asidi ilikuwa ya mume.

Simu ilimkuta Seweryn kwenye chumba cha walimu, kalamu nyekundu mkononi, rundo la mitihani mbele yake.

"Mwanangu, una nafasi kidogo?"

"Kidogo sana, mama. Kengele inakaribia kulia."

"Ile asidi ya nyuki. Nimepika nusu lita ya shira. Niweke kiasi gani?"

"Soma kwenye pakiti. Imeandikwa kwamba ina maji?"

"Unga mkavu huu, maji ya wapi? Au macho yangu yameharibika?"

"Soma tu, mama."

Akasoma, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa: "'Yenye maji ya fuwele.' Haya, mwalimu, umeshinda."

Seweryn akatabasamu, akavuta karatasi. Baba alikuwa akitumia gramu ishirini na tano za asidi tupu kwa kila lita. Kwa nusu lita, basi, gramu kumi na mbili na nusu. Lakini ya kwenye pakiti haikuwa tupu, ilikuwa imeshikana na maji, na ukipima uzito unapima na maji yake. Kwa hiyo gramu za asidi tupu akazigeuza kuwa moli, akigawanya kwa tisini, yaani gramu za moli moja ya asidi tupu. Moli zile zile akazirudisha kuwa gramu za asidi yenye maji, akizidisha kwa mia na ishirini na sita. Gramu juu, gramu chini, akazikata kwa mstari. Moli juu, moli chini, akazikata vilevile, kama anavyofundisha. Mwisho akaandika jibu, na mbele yake herufi ya gramu. Ilikuwa hesabu safi, ya kubandikwa ukutani.

Kengele ikalia.

"Kumi na saba na nusu, mama."

"Kumi na saba na nusu."

"Ndiyo. Na uvae glavu."

Hapo ndipo palipoharibika, na yeye akaenda zake darasani akipiga mluzi. Maana kule kwao ukiingia dukani ukasema nikatie paja la nguruwe ishirini, muuzaji hakuulizi ishirini nini. Anakukatia deka ishirini, na deka moja ni gramu kumi. Unga ni deka, siagi ni deka, zabibu kavu za keki ni deka. Namba ikitamkwa peke yake jikoni kwa Genowefa, deka imo ndani yake, na haijawahi kuwa vinginevyo tangu alipokuwa binti. Kwa mwanawe, namba ikiwa peke yake juu ya asidi ni gramu, na wala haimjii kwamba inaweza kuwa kitu kingine. Walikuwa wamesema namba moja kwa lugha moja, na hawakuwa wamesikilizana.

Siku chache baadaye mama alimpigia tena. Alisema kuna nyuki wametoka nje wakaangukia kwenye theluji.

"Wazee hao, mama. Kila baridi wanatoka wazee. Usiifungue mizinga, utawaingizia baridi."

"Baba yako naye alikuwa akisema hivyo."

"Basi unaona."

Mkesha wa Krismasi Seweryn aliwasili kijijini adhuhuri, amebeba samaki na machungwa. Mama alimpokea mlangoni na aproni yenye unga, akamwambia amekonda, akamwambia viatu vyake ni vya watu wa mjini wasiojua theluji. Alikuwa mchangamfu kuliko alivyomwona tangu mazishi. Kabla mwanawe hajavua koti alishika mkono wake.

"Twende tukawasikilize kwanza. Nilikuwa nakungoja wewe."

Hieronim alikuwa na mrija mwembamba wa mpira ambao kila mkesha wa Krismasi aliuingiza kwenye mlango wa mzinga, ncha ya pili sikioni. Mzinga wenye nyuki hai wakati wa baridi unanguruma taratibu, kama birika inayokaribia kuchemka. Genowefa aliinama kwenye mzinga wa kwanza, akasikiliza muda mrefu. Akahamia wa pili. Kwenye wa tatu alimpa Seweryn ule mrija.

"Sikiliza wewe. Masikio yangu siku hizi hayafai."

Seweryn akasikiliza. Alisikia damu yake mwenyewe na upepo.

Akafungua kifuniko. Nyuki walikuwa chini, rundo moja lenye unyevu, na wachache walikuwa bado wameng'ang'ania masega vichwa vikiwa ndani. Juu ya vijiti vinavyoshika masega kulikuwa na chembe nyeupe zinazometameta. Seweryn alivua glavu, akazigusa kwa kidole. Zilikuwa fuwele za asidi. Shira ikiwa na kiasi kinachotakiwa haiachi fuwele namna ile, wala haikaribii. Akashika ukingo wa mzinga.

"Wamefariki," alisema Genowefa. Kwa watu wa kule ng'ombe hufa, mbwa hufa, hata farasi waliyempenda hufa. Nyuki hufariki, kama binadamu. Alilisema neno lile polepole, kisha akavua kitambaa cha kichwani akabaki na mvi zake kwenye baridi, kama alivyofanya kaburini.

Waliifungua yote sita. Seweryn aliuliza tu walipofika jikoni, na alikwisha kulijua jibu.

"Mama, asidi uliipima kwa kitu gani?"

"Kwa mzani. Kwa kipi kingine?"

Mzani wa unga ulikuwa pale pale karibu na dirisha. Alama zake zilikuwa za deka, gramu hazikuwamo.

"Kumi na saba na nusu, kama ulivyoniambia," alisema mama. "Ilikuwa ikigoma kuyeyuka. Nikaipasha moto, nikakoroga mpaka bega likaniuma. Nikajiuliza mbona baba yako alikuwa akimaliza upesi. Nilitaka kukupigia, lakini nikasema yuko na watoto wa watu, nisimsumbue, tena alishanicheka kuhusu yale maji." Akasita. "Zilikuwa deka, si ndiyo?"

Seweryn alitamani kusema ndiyo. Angesema ndiyo, mengine yangekuwa ugonjwa, au baridi, au uzee wa malkia. Lakini hakuweza kudanganya juu ya hesabu.

"Zilikuwa gramu, mama. Umeweka kiasi hicho mara kumi. Na kosa si lako, ni langu. Mimi sikusema gramu. Nilikupa namba tupu."

Genowefa aliketi.

"Nioneshe," alisema.

Akamwonesha. Alichukua kalamu na mfuko wa karatasi uliokuja na machungwa, akaandika yote upya kwa herufi kubwa: gramu zikaenda kwenye moli, moli zikarudi kuwa gramu, akakata juu na chini. Alieleza polepole kuliko alivyowahi kumweleza mwanafunzi yeyote. Mwisho akazigawanya gramu kwa kumi, akaandika deka: moja, na robo tatu. Mama alifuata kidole chake mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Kwa hiyo ilitakiwa deka moja na robo tatu."

"Ndiyo."

"Na hesabu yako tangu mwanzo ilikuwa sawa."

"Hesabu ilikuwa sawa, lakini..."

"Basi." Alikunja mfuko ule vizuri, ukingo juu ya ukingo. "Mimi ndiye niliyewaua."

"Mama, nisikilize. Sikutamka gramu. Ungejuaje?"

"Seweryn." Alimshika shavu kwa mkono unaonuka vitunguu. "Wewe? Wewe unayewakata watoto alama kwa ajili hiyo, mpaka habari zinanifikia mimi kanisani huku kijijini? Ulisema. Mimi ndiye sikusikia. Wewe ni mwanangu, unataka kunibebea. Baba yako naye alikuwa hivyo hivyo, nikivunja sahani anasema ni yeye."

Seweryn alimwambia tena, na mara nyingine tena, mpaka sauti ikapanda. Mama alitikisa kichwa tu, kwa upole, kama mtu anayepewa zawadi asiyoweza kuipokea. Sifa aliyoijenga miaka yote ndiyo iliyomfanya asiaminiwe.

Walikaa mezani nyota ya kwanza ilipoonekana. Genowefa alileta mkate mwembamba mweupe wa Krismasi, ule unaobarikiwa kanisani, akampa kipande na yeye akashika chake. Kila mtu humega kwenye cha mwenzake, huombana radhi ya mwaka mzima, na kabla hawajapeana neno la msamaha hakuna anayegusa kijiko.

"Nitahamia kwako baada ya sikukuu," alisema. "Niliahidi. Kitanda kisiwe cha juu, nyonga yangu." Kisha akamnyooshea mkate. "Nisamehe, mwanangu. Nimewaua nyuki wa baba yako."

"Mama, hakuna cha kukusamehe. Mimi ndiye..."

Mama alibaki amenyoosha mkono, na macho yake yalikuwa yamekwisha kujaa machozi. Supu ya bitiruti ilikuwa inapoa. Seweryn alijua kwamba angeendelea kukana, mama asingekula usiku ule, wala kesho yake asingeamka na mzigo mwepesi. Mama alitaka kusamehewa kuliko alivyotaka kuambiwa ukweli.

Akamega kipande kwenye mkate wa mama.

"Nimekusamehe," akasema, na akajisikia mwizi.

Genowefa alishusha pumzi, akajifuta macho kwa aproni, akamsogezea bakuli.

"Asante, mwanangu. Kula sasa, kabla haijapoa."